Haki ya pekee inayolala kabatini: je, mpewa leseni analazimika kutengeneza bidhaa?

Swali, kwa ufupi, ni hili. Mchora katuni wa Nairobi, ambaye sungura wake amezoeleka kwa watoto kupitia video fupi za mtandaoni, alitia saini mkataba wa leseni na kampuni moja ya bidhaa miezi 16 iliyopita. Kampuni ilipewa haki ya pekee, kwa miaka 4, ya kutengeneza na kuuza fulana, mabegi ya shule, madaftari na wanasesere wenye sura ya sungura huyo katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mchoraji aliahidiwa mrabaha, yaani mgao wa mauzo, wa asilimia 8 ya bei ya jumla, akapokea kianzio cha shilingi 60,000 ambacho kitakatwa kwenye mrabaha utakaopatikana. Mkataba unafuata sheria za Kenya. Hadi leo kilichotoka ni fulana za toleo moja, zilizouzwa katika maduka mawili; ripoti tatu za robo mwaka zilizofuata zimeandikwa "hakuna mauzo". Alipolalamika alijibiwa kwamba mkataba umeipa kampuni haki, na hakuna anayelazimishwa kuitumia haki yake. Wakati huohuo mfanyabiashara wa Dar es Salaam yuko tayari kumlipa ili atengeneze mabegi. Je, kampuni inalazimika kuitumia leseni? Na kama haiitumii, mchoraji anaweza kumpa huyo wa Dar es Salaam?

Ndugu msomaji, kwa mkataba wa aina yako, upo uwezekano mzuri wa mahakama kuona kwamba kampuni ina wajibu wa kuitumia leseni hata kama wajibu huo haukuandikwa popote. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Dar es Salaam usimpe chochote bado, wala usimwandikie barua inayoweza kusomwa kama ahadi. Majibu hayo mawili yanaonekana kukinzana, lakini yote yanatokana na jambo moja, nalo ni jinsi mkataba wenu ulivyogawa hatari ya biashara kati yako na kampuni.

Kesi ambayo mawakili wa leseni hupenda kuanza nayo ilitoka New York. Lady Duff-Gordon, mbunifu wa mavazi aliyejulikana kwa jina la Lucy, na ambaye wengi humkumbuka kama mmoja wa walionusurika meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, alikuwa na jina lililouza: gauni, kitambaa au mwavuli uliopata idhini yake ulipanda thamani machoni pa wanunuzi. Mwaka 1915 alimpa wakala wa matangazo, Otis Wood, haki ya pekee ya kuziuza idhini hizo, kuiuza miundo yake, na kuwapa wengine leseni ya kuitengeneza. Malipo ya Lucy yalikuwa nusu ya faida na mapato yote ambayo Wood angeyapata kwa kazi hiyo. Baadaye Lucy akaidhinisha bidhaa za watu wengine bila kumwarifu Wood wala kumgawia kitu, naye Wood akaenda mahakamani. Utetezi wa Lucy ulikuwa kwamba Wood hakuwa ameahidi kufanya lolote, kwa hiyo hapakuwa na mkataba wa kuvunja. Utaona kwamba hiyo ni hoja ileile ya kampuni yako, isipokuwa safari hiyo ilitolewa na mwenye jina dhidi ya aliyepewa leseni.

Mahakama ya Rufani ya New York iliikataa mwezi Desemba 1917, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Benjamin Cardozo. Jaji alikiri kwamba hapakuwa na maneno yanayomtaka Wood afanye juhudi, kisha akautazama mkataba mzima. Lucy alikuwa amejifunga kwa angalau mwaka mmoja asiuze idhini zake wala miundo yake ila kupitia kwa Wood. Pato lake lote lingetokana na alichokizalisha Wood, hivyo kama Wood angekaa bila kufanya kazi, Lucy asingepata hata senti. Wood naye alikuwa ameahidi kutoa hesabu kila mwezi, na kuchukua hataza (haki za uvumbuzi), hakimiliki na alama za biashara zitakazohitajika kuilinda miundo hiyo. Ahadi hizo zisingekuwa na maana yoyote kama hakuwa na wajibu wa kuifanya kazi yenyewe. Kwa hiyo mahakama ikasema kwamba kugawana faida na kutoa hesabu ni ahadi ya kufanya juhudi za kutosha ili faida hiyo ipatikane.

Sasa soma mkataba wako kwa jicho hilo. Umeifungia kampuni haki ya pekee katika nchi tatu kwa miaka 4, maana yake hata wewe mwenyewe huwezi kuchapa daftari lenye sungura wako. Pato lako ni asilimia 8 ya kitakachouzwa, na kisipouzwa kitu asilimia 8 yake ni sifuri. Kampuni imeahidi ripoti za robo mwaka, na hakuna mtu makini anayepanga kutoa ripoti za mauzo ambayo hana nia ya kuyafanya. Kama mkataba wako ungekuwa wa leseni isiyo ya pekee, ningekuambia mambo tofauti kabisa, kwa kuwa hapo ungebaki huru kumpa mwingine, na mahakama haina sababu ya kukuokoa kwa wajibu usioandikwa.

Hukumu ya New York haiifungi mahakama ya Kenya, ingawa inaweza kusomwa mbele yake kama hoja ya kushawishi. Kinachotawala ni kwamba Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, imeingiza kanuni za sheria ya mikataba ya Uingereza, na huko mlango wa masharti yasiyoandikwa ni mwembamba. Mwaka 2015, katika kesi ya Marks and Spencer dhidi ya BNP Paribas, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikazia kwamba sharti haliongezwi kwa sababu linaonekana la haki au la busara. Linaongezwa kama, pasipo hilo, mkataba unakosa mantiki ya kibiashara. Kipimo hicho ni kikali, na wengi hushindwa hapo. Wewe una nafasi kwa sababu mkataba ambao upande mmoja umefungwa miaka 4 na upande wa pili unaweza kukaa kimya miaka hiyohiyo bila kuvunja neno lolote ni mkataba ambao mfanyabiashara mwenye akili timamu asingeutia saini, na jaji analiona hilo bila kuhitaji kushawishiwa sana.

Kianzio ndicho mahali ambapo wakili wa kampuni atakushika. Zipo hukumu ambazo mwenye haki alishindwa kwa sababu alikuwa amelipwa vizuri mwanzoni. Mwaka 1990, katika kesi ya Permanence dhidi ya Kennametal, mahakama moja ya rufaa ya shirikisho la Marekani ilikataa kusoma wajibu wa juhudi katika leseni ya pekee ya hataza, kwa kuwa mpewa leseni alikuwa ametoa fedha nyingi za awali. Mwenye hataza alikuwa na kinga yake, na mpewa leseni mwenyewe alikuwa na sababu ya kutosha ya kujitahidi ili arudishe alichotoa. Kwa hiyo kadiri fedha za mwanzo zinavyokuwa nyingi, ndivyo wajibu usioandikwa unavyofifia. Shilingi 60,000 kwa haki za nchi tatu na aina nne za bidhaa haziwezi, kwa maoni yangu, kuitwa kinga ya mtu yeyote. Pengine hazifiki gharama ya kampuni kuagiza sampuli za begi kutoka kiwandani.

Hapo hapo kuna mtego unaowanasa hata wanaodhani wamejikinga. Mikataba mingi ya bidhaa huweka mrabaha wa chini unaolipwa kila mwaka, bidhaa ziuzwe zisiuzwe. Ni kipengele kizuri, lakini kikiachwa peke yake, mpewa leseni anaweza kudai kwamba malipo hayo ndiyo bei ya kutofanya kitu: analipa kiwango cha chini, anaufungia mchoro wako kabatini, na anaendelea kuuza wa mshindani wako. Zipo kampuni zinazochukua leseni kwa sababu hiyo hasa, ingawa hakuna atakayeisema kwa mdomo wake. Anayeandika kipengele cha mrabaha wa chini aongeze sentensi moja, kwamba kuulipa hakumwondolei mpewa leseni wajibu wa kutengeneza, kutangaza na kuuza.

Tukubali basi kwamba wajibu upo. Wajibu huo unadai nini? Haudai mafanikio. Kampuni iliyotengeneza begi zuri, ikaliweka madukani kwa bei ya kawaida, na watoto wakalikataa, haijavunja kitu. Mfano mzuri wa mpaka huu ni kesi ya Bloor dhidi ya Falstaff, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York mwaka 1979. Falstaff ilikuwa imenunua chapa ya bia ya Ballantine mwaka 1972 kwa dola milioni 4 pamoja na senti 50 kwa kila pipa litakalouzwa katika miaka 6, na iliahidi kwa maandishi kufanya juhudi kubwa kabisa ya kudumisha mauzo mengi. Mwaka 1975 kampuni iliingia mikononi mwa mtu mmoja aliyejali faida peke yake. Bajeti ya kuitangaza Ballantine ikakatwa kutoka dola milioni 1 hadi 115,000 kwa mwaka, vituo vya usambazaji vikafungwa, na mauzo yakaporomoka. Mahakama ilisema kwamba Falstaff haikutakiwa kutumia fedha hadi ifilisike kwa ajili ya chapa hiyo, lakini haikuwa na ruhusa ya kutojali mauzo yakianguka. Ilipaswa angalau kuonyesha kwamba ilitafuta njia za kuyainua kabla ya kukata tamaa.

Uingereza imekwenda mbali zaidi katika jambo la hasara. Katika kesi ya Jet2 dhidi ya uwanja wa ndege wa Blackpool, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2012, uwanja uliokuwa umeahidi juhudi zote za kuendeleza safari za bei nafuu ulijaribu kukataa ndege nje ya saa za kawaida kwa sababu kuzihudumia kuliuletea hasara. Ukaambiwa kwamba hasara peke yake haikuwa kisingizio cha kutosha. Lakini hao walikuwa wameandika ahadi yao, tena kwa maneno mazito. Wajibu wako wewe, usioandikwa, utakuwa wa juhudi za kutosha tu, na kampuni itaruhusiwa kuweka maslahi yake mezani pamoja na yako. Ndiyo sababu sipendi unapoandika, katika barua yako, kwamba kampuni "ilipaswa kuuza". Mahakamani swali litakuwa kama ilijaribu kwa namna ambayo kampuni ya kawaida ya bidhaa ingejaribu.

Na swali hilo huulizwa kwa kila aina ya bidhaa na kwa kila nchi. Fulana zilizouzwa katika maduka mawili ya Nairobi hazitoi jibu kuhusu mabegi, wala kuhusu Kampala na Mwanza. Chukua mabegi. Msimu wake unajulikana: Kenya na Tanzania shule hufunguliwa Januari, na mwenye maduka makubwa huamua mapema ni mabegi gani atayaweka. Katika miezi 16 yako Januari imepita angalau mara moja. Kwa hiyo omba, kwa maandishi, uonyeshwe kilichofanyika kabla ya Januari hiyo: bei zilizoombwa viwandani, sampuli zilizoagizwa, barua au miadi na wanunuzi wa maduka, na makadirio yoyote ya gharama. Kama kampuni itakuonyesha jalada lenye mazungumzo na viwanda vitatu na barua ya duka lililokataa, kesi yako ya mabegi imedhoofika sana. Kama haina karatasi hata moja, huhitaji ushahidi mwingine mwingi. Angalia pia kama katika kipindi hichohicho imetoa mabegi yenye mchoro wa mtu mwingine. Mpewa leseni anaweza kuuza bidhaa za wengi, lakini ni vigumu kwake kudai kwamba soko la mabegi lilikuwa baya huku akiuza mabegi.

Kabla hujatuma barua hiyo, pekua simu yako. Mkataba wako, kama ilivyo mingi ya aina hii, bila shaka unataka uidhinishe kila sampuli kabla haijaingia sokoni. Migogoro mingi ya leseni isiyotumika huishia hapo: mpewa leseni anatoa picha ya begi aliyoituma kwa WhatsApp, mwenye haki alijibu kwamba rangi ya masikio haijakaa sawa, sampuli ya pili ikaja, na haikujibiwa kamwe. Ukiwa na ujumbe wa namna hiyo ambao hukuujibu, ujibu leo. Anayezuia kazi isifanyike hawezi kulalamika kwamba haikufanyika. Vilevile angalia jinsi ulivyopokea zile ripoti za "hakuna mauzo". Kama uliandika "asante, nimepokea" mara tatu mfululizo, kampuni itasema kwamba uliridhika. Hilo halikumalizi, lakini kuanzia sasa kila ripoti ijibiwe kwa sentensi inayosema kwamba kuipokea si kukubali na kwamba haki zako zote zimehifadhiwa.

Sasa niseme kwa nini nakuzuia usimpe mtu mwingine leseni. Kuvunjwa kwa sharti hakumpi aliyekosewa ruhusa ya kuutupa mkataba mara moja. Katika kesi ya meli Hongkong Fir, ambayo bado hunukuliwa kila siku, meli ilikodishwa kwa miezi 24, ikawa na injini chakavu na mabaharia wasioiweza, ikatumia miezi ya mwanzo katika matengenezo. Waliokodi wakajitoa. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema kwamba mwenye meli alikuwa amevunja mkataba, lakini waliojitoa nao walikosea, kwa kuwa kipindi kilichobaki kilikuwa kirefu na manufaa ya mkataba hayakuwa yamepotea kwa sehemu kubwa. Nawe umebakiwa na miezi 32. Ukitangaza leo kwamba leseni imekufa, kisha jaji akaona kwamba kosa la kampuni lilikuwa bado linarekebishika, utakuwa wewe ndiye uliyevunja mkataba wa haki ya pekee, na huyo mtu wa Dar es Salaam atakuwa na mabegi asiyoweza kuyauza Tanzania.

Njia salama ni notisi. Iandikwe na wakili, ipelekwe kwa namna hasa ambayo mkataba umeielekeza, kwa sababu notisi iliyotumwa kwa barua pepe wakati mkataba unataka ipelekwe kwa mkono huzaa mgogoro wake. Itaje bidhaa moja moja na nchi moja moja. Itoe muda unaotekelezeka: siku 14 za kutengeneza wanasesere ni kejeli, lakini siku 30 za kuleta mpango wenye tarehe, na miezi mitano au sita ya kuingiza mabegi na madaftari sokoni, ni muda ambao jaji hatauona wa kumkomoa mtu. Kampuni ikikaa kimya baada ya notisi kama hiyo, ukimya wake utasomwa kama kuutelekeza mkataba, na hapo ndipo haki yako ya kuusitisha inapokuwa imara. Kama mkataba una kipengele cha kusitisha, fuata hatua zake na uache hizi zangu zinapokinzana nazo.

Fidia ni sura fupi na haifurahishi. Utalazimika kuonyesha ni mabegi mangapi yangeuzwa kama juhudi zingefanyika, na mhusika wa katuni ambaye hajawahi kuwekwa kwenye begi hana rekodi ya mauzo. Mauzo ya wahusika wanaolingana naye husaidia, lakini majaji huwa wagumu kukubali makadirio. Ningependa nguvu zako ziende katika kurudisha haki kuliko katika kudai fedha.

Kama umesajili jina au sura ya sungura kuwa alama ya biashara, uzembe wa kampuni unaweza kukugharimu kuliko mrabaha. Sheria ya Kenya inaruhusu mtu kuomba alama iondolewe kwenye rejista ya alama za biashara kwa bidhaa ambazo haijatumiwa kwa miaka 5 mfululizo. Ukiwa umejifungia nje kwa haki ya pekee, matumizi yanayoilinda alama yako yako mikononi mwa mwingine. Hakikisha kampuni imesajiliwa kama mtumiaji wa alama hiyo katika Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda, KIPI, ili matumizi yake yahesabiwe kuwa yako, na kwa Tanzania na Uganda uangalie usajili wa huko kando. Ujerumani, kwa upande wa hakimiliki, mtunzi amewekewa sheria inayomwezesha kuirudisha haki ya pekee isiyotumiwa ipasavyo, kwa kawaida baada ya miaka 2 na baada ya kumpa aliyepewa muda wa nyongeza. Kwetu usiisubiri sheria ikufanyie hivyo, bali kiandike kipengele chako mwenyewe.

Na hicho ndicho cha kumpelekea mkurugenzi wa kampuni pamoja na notisi: nyongeza ya mkataba ya kurasa mbili. Pendekeza kwamba fulana zibaki kwao kama zilivyo. Mabegi na madaftari yawekewe tarehe ya kuingia sokoni kabla ya ufunguzi wa shule unaofuata, na ikipita, haki ya pekee ya bidhaa iliyokosa tarehe igeuke yenyewe kuwa haki isiyo ya pekee, kisha baada ya miezi sita mingine irudi kwako yote. Tanzania na Uganda zirudi sasa kwa mabegi, kwa kuwa kampuni haijafanya lolote huko na haipotezi kitu kwa kuziachia. Iruhusu kumaliza kuuza fulana zilizopo ghalani kwa muda uliotajwa, kwa mrabaha uleule. Kampuni nyingi hukubali masharti ya namna hii haraka kuliko wenye haki wanavyotarajia, hasa zikiwa zimeshapoteza hamu na zinatafuta njia ya kutoka bila aibu. Nyongeza ikishasainiwa na pande zote mbili, mpigie simu mtu wako wa Dar es Salaam, na mkataba wake uanze na tarehe ya bidhaa kuingia sokoni kabla hata ya kutaja asilimia.